Radi za Nyuma ya Mlima

Misunkumilo, Mpanda
29 Septemba 2024

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima, chumba hakivuji na chakula ninapata. Ningepiga simu, lakini mpaka upande kule kwenye mwamba ndipo upate mtandao, na tukianza kuongea inakatika kabla sijafika kwenye jambo lenyewe. Kwa hiyo nimeandika. Barua hii anakuletea Audace wa bodaboda, pamoja na boksi.

Ndani ya boksi kuna mashine. Nimeitengeneza mwenyewe hapa chuoni, ndiyo mradi wangu wa mwaka wa mwisho. Inasikiliza radi. Usicheke. Radi inapopiga hairushi mwanga na ngurumo tu. Inarusha pia mawimbi kama yale ya redio, ambayo sikio la mtu haliyapati. Mashine inayadaka, halafu spika inalia.

Moyo wake ni vitu viwili: koili, yaani waya niliouzungushia kwenye kipande cha bomba, na kapasita mbili ndogo kama punje za mbaazi. Unajua unavyobeba ndoo kichwani kutoka kisimani? Ukitembea kwa mwendo fulani maji yanaanza kuyumba, huku na huku, mpaka yanakumwagikia mgongoni. Ukibadilisha mwendo kidogo tu, yanatulia. Yale maji yana mwendo wao wanaoupenda. Umeme nao unayumba hivyo kati ya koili na kapasita, na una mwendo wake mmoja. Wimbi likija kwa mwendo huo, umeme unayumba sana. Likija kwa mwendo mwingine, hautikisiki. Mwendo huo ndio tunaita frikwensi.

Wewe ni mwalimu wa hesabu, naomba unihakikishie jibu langu. Zidisha ukubwa wa koili kwa ukubwa wa kapasita. Tafuta kipeuo cha pili. Zidisha kwa mbili, kisha kwa pai. Halafu chukua moja, uigawe kwa hicho ulichopata. Koili ni milihenri moja, yaani sehemu moja ya elfu. Kapasita ni mia na mia na hamsini, jumla pikofaradi mia mbili hamsini, na pikofaradi ni sehemu moja ya milioni ya milioni. Ukisahau sifuri moja, umepotea.

Tundika waya mrefu kutoka kwenye paa mpaka kwenye mparachichi, ncha yake moja uichomeke kwenye mashine. Lakini ukisikia milio inafuatana haraka na wingu liko karibu, chomoa waya huo uutupe nje, usiuguse tena mpaka mvua iishe. Niahidi hilo. Novemba utatimia mwaka tangu radi imchukue baba.

Niandikie kila utakachosikia, na anga lilikuwaje siku hiyo.

Mwanao,
Immaculata

* * *

Mwese
6 Oktoba 2024

Mwanangu Ima,

Marahaba. Boksi limefika, ila Audace aliteleza kwenye korongo na pikipiki ikamlalia mguu. Hakuumia sana, anachechemea kwa madoido ili wasichana wamuonee huruma. Zile punje mbili za mbaazi zilikuwa zimechomoka. Nikazisokota miguu kama nilivyoona inafaa, nikafunga na uzi.

Hesabu nimeifanya mezani baada ya kusahihisha kazi za darasa la sita. Niliandika sifuri mpaka mkono ukachoka. Kipeuo cha pili kikatoka tano safi nyuma ya sifuri zake. Nikazidisha kwa mbili, ikawa moja. Nikazidisha kwa pai, na nilichobaki nacho ni pai yenyewe, 3.1416, imejificha nyuma ya sifuri tano. Nikagawa. Laki tatu na elfu kumi na nane na kitu. Kwa sekunde moja!

Nikaweka kalamu chini. Nilisema neno "mama" kwa sauti, peke yangu kama kichaa, nikawaza: kabla sijalimaliza, umeme kwenye kiboksi cha mwanangu umeshakwenda na kurudi mara nyingi kuliko idadi ya wanafunzi wote niliowafundisha tangu niajiriwe. Na mtu anaweza kuliandika hilo kwenye karatasi kwa kalamu ya kawaida.

Sasa nina swali. Nimefundisha pai miaka yote kwa kuzungushia uzi kwenye mifuniko ya sufuria. Pai ni ya duara. Mwanzo nilidhani imeingia kwa sababu waya umezungushwa, lakini ukubwa wa koili ulishahesabiwa pembeni. Kwa hiyo duara liko wapi kwenye hiyo mashine?

Na lingine. Nilipowasha sikusikia radi. Nilisikia mwanamume anasoma matangazo, sauti yake inapanda na kushuka, kisha ikaja kwaya. Baba yako mdogo Nestori alikuwepo. Alicheka mpaka akashika mlango. "Shemeji," akasema, "miaka yote ya ada, na binti amekutengenezea redio mbovu!"

Usihuzunike. Kwaya ilikuwa nzuri.

Mama yako,
Odeta

* * *

Misunkumilo
13 Oktoba 2024

Mama,

Shikamoo. Mwambie baba mdogo acheke, lakini asikilize na hili.

Niliposoma barua yako nilikaa pale pale kwenye ngazi za karakana. Nikajiuliza, mama amefanya nini? Sikuwa na pa kuuliza, nikaigeuza hesabu nikaanza kurudi nyuma. Kituo cha redio kinachosikika huko kijijini, cha masafa ya kati, kiko kwenye laki sita na kitu. Ili mashine ifike huko, kapasita isiwe mia mbili hamsini, iwe kama sitini. Nitapata wapi sitini kwenye mia na mia na hamsini? Hazijumliki. Lakini zikiungwa moja nyuma ya nyingine, kama mabehewa, ukubwa wake unapungua badala ya kuongezeka. Nikapiga hesabu ya mabehewa: zidisha hizo mbili, gawa kwa jumla yake. Sitini kamili. Nikaiweka kwenye ile kanuni: laki sita na nusu.

Mama, sikuona mikono yako. Nilikuwa Mpanda, wewe uko Mwese, kati yetu kuna milima na ile barabara. Lakini kwa sababu ya kwaya nimejua mguu gani wa punje uliusokota na mguu gani. Zifungue. Ziweke ubavu kwa ubavu, kama ng'ombe wawili kwenye nira: miguu ya kushoto pamoja, miguu ya kulia pamoja.

Swali lako la duara nilimpelekea mwalimu wetu, Respicius. Alipindua baiskeli yake, akafunga kitambaa kwenye ukingo wa gurudumu, akaomba mwenzetu aangaze tochi kwa ubavu. Alipozungusha, kitambaa kilizunguka, lakini ukutani kivuli chake kilikuwa kinapanda na kushuka tu, kinapanda na kushuka. "Kila kinachoyumba," akasema, "kina gurudumu mahali ambapo hatulioni. Mwambie mama yako swali lake limenipa kazi."

Sasa nikwambie ukweli, maana mradi ni nusu tu ya sababu. Siku aliyokufa baba anga lilikuwa safi. Ulikuwa umeanika nguo, umesema mwenyewe. Watu wa bondeni waliwasikia baba na Malale, yule mfugaji, wanafokeana kwa sababu ng'ombe wa Malale wameingia kwenye mihogo yetu. Kisha radi moja, bila wingu wala tone la mvua. Baba akafa, Malale akapona. Hapa chuoni nikisikia mtu anataja radi ya kutumwa nacheka pamoja na wenzangu. Nikilala, najua ni yeye.

Kwa hiyo, siku mashine italia na anga likiwa safi, andika pia Malale alikuwa wapi.

Immaculata

* * *

Mwese
27 Oktoba 2024

Mwanangu,

Nimeziweka ubavu kwa ubavu. Yule mwanamume na kwaya yake wametoweka kama watu waliofungiwa mlango usoni. Kilichobaki ni mvumo mdogo, kama mtu anayepumua usingizini. Nikasema basi, nimeua mashine.

Nilikuwa nachambua maharage barazani, jua limezama sasa hivi, anga limebaki na rangi ya chai ya maziwa. Hakuna wingu hata la kufunika mkono. Mashine ikasema: tak.

Nikageuka. Kimya. Tak. Kisha tak-tak. Halafu ikawa kama bisi zinapoanza kupasuka kwenye sufuria. Moja, mbili, unangoja, kisha zote kwa pamoja, khrrr, halafu kimya tena. Nikatoka uani nikaangalia pande zote. Nyota za kwanza zilikuwa zimetoka. Kuku wamelala.

Nilikaa nayo mkekani mpaka uji ukaganda jikoni. Kila mlio ni radi, umesema. Basi kila mlio kuna mahali anga limepasuka. Kuna mahali mtu ameinama, mama amemvuta mtoto ndani, mti umechanika katikati. Huko ng'ambo ya Ziwa, Kongo, sijui wapi kwingine, na mimi nasikia nikiwa na maharage mapajani. Ima, nimeishi Mwese tangu nizaliwe nikidhani jioni za hapa ni kimya. Dunia haijawahi kunyamaza hata mara moja. Ni sisi tu hatukuwa na sikio.

Nimeipeleka darasani. Unawajua darasa la sita, hata mwalimu mkuu hawawezi. Walinyamaza wote. Mmoja akauliza, "Mwalimu, zinatuona?"

Kuhusu lile uliloandika mwishoni, nitakujibu. Si leo.

Mama yako

* * *

Misunkumilo
3 Novemba 2024

Mama,

Shikamoo. Anga safi na mashine inalia, halafu unaniambia si leo?

Hicho ndicho nilichokuwa natafuta. Mwalimu Respicius anasema mawimbi hayo yanatoka mbali sana. Mbali ni wapi? Yeye hakuwepo Mwese siku ile. Hakumuona baba amelazwa chini ya kanga. Mimi nilikuwepo.

Baba mdogo Nestori alikuja mjini kuuza mahindi, akalala kwa rafiki yake kijijini Kakese, tukaonana sokoni. Nimemweleza yote. Amekubali mashine si redio mbovu. Anasema atalipeleka jambo la Malale kwenye mkutano wa kijiji, ahame na ng'ombe wake kabla mvua hazijakolea. Nimemwambia afanye hivyo.

Kama unajua kitu, kiseme. Kama unamwogopa yule mtu, niambie nije.

Immaculata

* * *

Mwese
12 Novemba 2024

Ima,

Simwogopi. Nisikilize vizuri, kaa chini kama umesimama.

Nestori amerudi na maneno yako, na mkutano umepangwa kesho kutwa. Nilipolisikia hilo nilichukua mashine, nikaifunga kwenye kanga mgongoni kama mtoto, nikaenda moja kwa moja kwa Malale. Alikuwa anakamua. Nikamwambia, "Baba, nataka kwenda juu kabisa ya mgongo wa mlima, upande wa kule tusikoona. Wewe ndiye unayejua njia za huko." Hakuuliza kwa nini. Akamwachia mke wake ndoo, akachukua fimbo.

Tulipanda mchana kutwa. Huku kwetu anga lilikuwa jeupe, jua linachoma shingo. Mashine mgongoni kwangu ilikuwa inalia, na kadiri tulivyopanda ilizidi, mpaka nikawa naisikia kwenye mifupa. Tulipofika kwenye mwamba wa mwisho Malale akatangulia, akasimama ghafla kama aliyegonga ukuta. Nikafika ubavuni kwake.

Mwanangu, nitaeleza vipi. Nyuma ya mlima kulikuwa na mlima mwingine, wa mawingu. Mweusi chini, juu unang'aa kama sufi, umesimama kutoka kusini mpaka kaskazini, na kichwa chake kimelala kuelekea kwetu. Ulikuwa mbali. Hapo tulipokuwa hata upepo haukuwepo. Ndani yake radi zilikuwa zinatembea, nyingine zinashuka, nyingine zinakimbia kwa ubavu kama mizizi. Na hakuna ngurumo. Hata kidogo. Ilikuwa kimya kama picha.

Nikaishusha mashine, nikanyoosha ule waya juu ya majani. Radi ikawaka: tak. Ikawaka nyingine: tak. Jicho na sikio vilipata pamoja, bila kupishana hata kufumba kope. Ile laki tatu yako na elfu kumi na nane, niliyoiandika kwenye karatasi ya darasa la sita, ilikuwa inatoka kwenye lile wingu, inavuka mabonde yote yale, inaingia kwenye punje mbili nilizofunga na uzi. Nilipiga magoti. Sikuomba kitu.

Malale alikaa, akaweka sikio la kulia kwenye spika. Hilo la kushoto halisikii, Ima. Halijasikia tangu siku ile aliyokufa baba yako. Hulijui hilo kwa sababu aliniomba nisikwambie, nami nikanyamaza, kwanza kwa sababu ulikuwa umepotewa na usingizi, baadaye kwa sababu ulikuwa umerudi chuoni, na baadaye nikawa sijui pa kuanzia. Yaliyobaki ni yake kuyasema. Nitamwomba.

Tulichomoa waya mapema, tukashuka. Lile wingu halikufika kijijini. Watu waliokuwa wanalima bondeni hawajui hata kwamba lilikuwepo.

Mama yako,
Odeta

* * *

Mwese
17 Novemba 2024

Kwa Immaculata,

Habari za masomo. Mimi baba yako mdogo Nestori, huwa siandiki, lakini mama yako amesema kwa kuwa nimekuwa mwepesi kusema basi niwe mwepesi kuandika.

Mkutano ulikaa kwenye uwanja wa shule. Mwenyekiti akafungua, mimi nikasimama nikasema tuliyokubaliana sokoni. Wengi waliunga mkono. Malale alikuwa amekaa kwenye jiwe, peke yake, kichwa amekiinamisha upande mmoja. Mimi zamani niliona ni kiburi, kumbe ndivyo anavyosikiliza.

Mama yako akaweka mashine kwenye meza ya mwenyekiti. Hakuhutubia. Alisema tu, "Naomba mnyamaze kidogo." Jua lilikuwa kali, nilikuwa natoka jasho. Mashine ikaanza. Tak. Tak-tak. Watu wakaangalia juu. Hakuna kitu huko. Ikaendelea, ikaendelea, mpaka watoto wakasogea kwa mama zao.

Mama yako akasema, "Kila mlio ni radi moja. Malale huyu hapa, mikono yake mnaiona. Amezituma zote hizo sasa hivi?"

Mtu mmoja nyuma akajibu, "Labda anao wenzake."

Mama yako akasema, "Basi zihesabuni, mniambie wenzake ni wangapi."

Watu wakaanza kuhesabu kweli. Wakubwa kabisa, wazee wa kanisa, wanahesabu kwa midomo. Walifika mahali wakaacha mmoja mmoja. Mwenyekiti alivua kofia. Sijui alivua kwa sababu gani. Na mimi nikavua.

Nisikudanganye kwamba yameisha. Wapo waliotoka wakisema mashine yenyewe ndiyo inayoita radi. Lakini hakuna aliyepiga kura ya kumfukuza, na mkutano umefungwa. Mimi sijui sayansi. Najua niliyosikia. Niliposimama kumsalimia, Malale alinipa mkono.

Baba yako mdogo,
Nestori

* * *

Mwese
24 Novemba 2024

Kwa binti wa Silvester,

Mimi ni Malale. Kuandika sijui, anaandika mama yako, mimi naangalia kalamu. Nimemwambia aandike kama ninavyosema, asinipambe.

Siku ile ng'ombe wangu waliingia kwenye mihogo ya baba yako. Kweli waliingia. Baba yako alifoka, mimi nikafoka zaidi, maana nilikuwa na aibu. Watu wa bondeni walisikia kelele, hawakudanganya. Mimi nina fimbo, yeye ana jembe, tulikuwa karibu kupigana.

Baba yako ndiye aliyechoka kwanza. Alikaa kwenye tuta akaniuliza, "Malale, hivi ng'ombe wako wana njia nyingine ya kwenda mtoni?" Nikasema hawana, pande zote ni mashamba ya watu. Akafikiri. Akasema, "Ipo. Kule kwenye mawe. Zamani tulipitishia mbuzi." Akasimama, akanyanyua jembe juu, ananionyesha. "Unaona yale mawe mawili? Katikati yake."

Nilikuwa naangalia mawe. Kukawa kweupe. Haikutoka juu, ilikuwa kila mahali, kama mtu ameifungua dunia na kuifunga. Sikusikia kitu.

(Ima, hapa aliomba maji. Ninaendelea.)

Nilipoamka nilikuwa mbali na pale niliposimama. Nilimwita, nikamgonga kifua, nikampulizia mdomoni kama ndama aliyezaliwa vibaya. Nikambeba mgongoni mpaka zahanati. Watu waliniona natoka porini na maiti mgongoni, mimi natembea. Ningekuwa mimi ni wao, na mimi ningeuliza.

Kwa nini sikusema? Kama ningesema alikufa akinitafutia njia ya ng'ombe wangu, si ndiyo yale yale wanayosema, kwamba alikufa kwa sababu yangu? Na lipo lingine ambalo hata mke wangu sijamwambia. Nilikuwa na hasira na baba yako. Hasira kubwa, dakika chache tu kabla. Mwaka mzima nimejiuliza kama hasira ya mtu inaweza kupanda juu na kurudi. Uganga sijui, sijawahi kwenda kwa mtu. Lakini nilikuwa naogopa kwamba labda ni mimi kweli, na mwenyewe sijui.

Halafu mama yako akanipeleka juu ya mlima. Nikaona zile radi, hazina sauti, kama ile yangu. Nikaweka sikio langu moja kwenye kiboksi chako. Nikasikia. Nyingi, binti, nyingi kuliko ng'ombe wa Usukuma nzima, na mimi nimetoka huko nawajua. Nilisikiliza nikawaza: hakuna mtu mwenye hasira ya kutosha kufanya hivi. Hata watu wote tukikasirika pamoja. Ni kitu kikubwa, kina safari zake, na siku ile kilipita hapa.

Nililia, mama yako ameona. Nililala usingizi siku hiyo mpaka ng'ombe wakaja kuniamsha kwa njaa.

Wanapita kwenye yale mawe mpaka leo. Njia ni nzuri, baba yako alisema kweli.

Malale

* * *

Misunkumilo
1 Desemba 2024

Kwa Baba Malale,

Shikamoo baba. Mama atakusomea.

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama kituo cha bodaboda, nikarudi chumbani bila kununua nilichotumwa na wenzangu. Niliisoma tena. Kisha nikaenda kwa mwalimu Respicius nikamuuliza swali ambalo ningepaswa kuuliza mwaka mzima. Alinichorea wingu la mvua limesimama nyuma ya mlima, na radi inayotoka ubavuni mwake, inasafiri juu ya kilele, inashukia upande wa pili penye jua. Akasema zipo radi za namna hiyo, zinaweza kwenda mbali na wingu lake kuliko kutoka mjini mpaka Kakese. Nikaweka kidole kwenye ule mchoro, upande wenye jua. Pale ndipo mlipokuwa mmesimama, wewe na baba.

Baba, nilijua kupiga hesabu ya umeme unaoyumba mara laki tatu kwa sekunde. Niliweza kuijua mikono ya mama yangu kwa kusikia tu habari ya kwaya. Lakini sikujua kwamba mtu niliyekuwa namlaumu alikuwa anajilaumu kuliko mimi. Hilo halikuwa kwenye kanuni yoyote niliyofundishwa. Naomba unisamehe. Nimekosea juu yako mbele ya watu, na nitakuja kusema hivyo mbele ya watu.

Ninachofikiria zaidi ni baba ameinua jembe. Mwaka mzima nimemuona amelala chini ya kanga. Sasa namuona amesimama, anaelekeza mahali, anasema ipo. Umenipa hicho, na sijui nikurudishie nini.

Nimeomba ruhusa chuoni. Nakuja Jumamosi na Audace, kama korongo halijajaa. Sitaki kupumzika nikifika. Naomba unisubiri uwatoe ng'ombe, twende nao mtoni kwa njia ile, unionyeshe yale mawe mawili. Nitatembea upande wako wa kulia, ili unisikie.

Mwanao,
Immaculata Silvester